MAHINDI YENYE UKUNGU YASIUZWE

Ndugu wanachama,

Nasikia yale mahindi ya ghalani yaliyoota ukungu watauziwa wapika pombe kwa bei ya chini. Mimi napinga.

Wamo kati yetu wenye virusi vya homa ya ini B, na wengi hawajijui. Watoto 10 wakiambukizwa wakati wa kuzaliwa, kama 9 hubaki navyo mwilini. Mtu analima, anacheza ngoma, kumbe ini linaota makovu mwaka hadi mwaka. Tumbo likijaa maji na macho yakiwa manjano, ndipo tunatafuta mchawi!

Mtu huyo ukimwongezea sumukuvu, hatari ya saratani ya ini inazidi mara nyingi. Na tusidanganyane, sumu hiyo haiishi kwa kuchemsha. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara.

Wanasema chama kitapata hasara. Ni kweli, magunia si haba. Lakini wanywaji ni nani kama si sisi wenyewe?

Yafukiwe. Nasi tuliozaliwa kabla ya watoto kuanza kupewa chanjo hii nchini, mwaka 2002, twende tukapime damu. Mkutanoni Jumamosi nitalisema hili tena.

Mwanachama mwenzenu