Baiskeli ni ile ile, Mchikichini na Kilimanjaro

Asubuhi yo yote, kabla jua halijawaka sawasawa, Mchikichini huwa imekwisha amka kwa baiskeli. Muuza madafu huisukuma ya kwake ikiwa imeelemewa na mzigo kila upande. Muuza mikate hupiga kengele vichochoroni. Maguta yaliyojaa viroba hujikongoja kutoka Kariakoo kuelekea Ilala. Kando ya barabara, chini ya mwavuli uliochakaa, fundi hukaa na karai lake la maji, tupa, solusheni na vipande vya tyubu kuukuu, akiziba pancha na kunyoosha rimu zilizopinda. Hakuna mgeni wa nchi za nje anayesimama kumpiga picha. Machoni pa wapita njia wengi, fundi huyo na wateja wake ni watu waliokosa nauli.

Yapata kilometa 550 kutoka hapo, baiskeli hiyo hiyo ina hadhi nyingine kabisa. Katika Hifadhi ya Taifa ya Mlima Kilimanjaro, njia ya Kilema, iliyo jirani na ile mashuhuri ya Marangu, imeruhusiwa kutumiwa na waendesha baiskeli. Wanaokwenda huko wengi wao ni wageni, wenye baiskeli za gia nyingi zilizosafirishwa kwa ndege. Wakishuka hupigiwa makofi, na wakirudi makwao husimulia habari zao kwa fahari.

Mchikichini baiskeli ni alama ya ufukara. Kilema ni alama ya ukwasi. Magurudumu ni yale yale mawili, mnyororo ni ule ule, na jasho ni lile lile. Tofauti imo katika macho ya watazamaji. Jambo hili lafaa litazamwe kwa makini na watumishi wa umma na walimu, kwa sababu macho hayo hayakujifunza yenyewe kuidharau baiskeli. Yalifundishwa, na katika waliofundisha wamo watu wenye elimu.

Haikuwa hivyo zamani. Katika miaka ya 1970 na 1980, mtu aliyeingia kijijini akipiga kengele ya baiskeli alikuwa ni mtu wa maana. Bwana shamba alizungukia mashamba kwa baiskeli. Bwana afya alikagua visima kwa baiskeli. Mwalimu alifundisha watoto asubuhi, na jioni akapanda baiskeli kwenda kitongoji cha mbali kuwafundisha watu wazima kusoma na kuandika. Baiskeli za Swala, zilizotoka katika Kampuni ya Taifa ya Baiskeli, NABICO, zilijulikana hadi vijijini, na waliozimiliki walizifuta vumbi kila jioni kama mtu anavyofuta redio yake. Huko Shinyanga, Tabora na Mwanza baiskeli haijapoteza heshima yake yote hata leo.

Mijini ndiko kasumba ilikoota mizizi. Siku hizi mwalimu akifika ofisini kwa baiskeli, mtu wa kwanza kukutana naye atamsalimu kwa adabu, kisha atamwuliza: "Shikamoo mwalimu, gari limepatwa na nini?" Wala hana nia mbaya. Kwa fikra zake, mtu wa cheo hawezi kupanda baiskeli ila amefikwa na balaa. Afisa kijana, kabla hajamaliza kujenga nyumba, hukopa fedha na kununua gari, kisha hukaa ndani yake saa mbili kwenye foleni akitazama baiskeli ya muuza mikate ikimpita.

Yapo mambo mengine ya kukumbuka. Mkesha wa mwaka mpya, Desemba 1984, mabinamu wawili wa Kiingereza, Nicholas Crane na Richard Crane, walifika kilele cha Uhuru wakiwa na baiskeli zao. Sehemu nyingi baiskeli ndizo zilizowapanda wao, kwa maana walizibeba mabegani. Walikuwa wakichangisha fedha za misaada ya maendeleo, na mwaka 1985 waliandika kitabu juu ya safari hiyo. Hakuna ubaya katika walilolifanya. Lakini mwaka huo huo nchi hii ilikuwa katika uhaba mkubwa wa bidhaa, na mwalimu wa kijijini alizunguka duka hadi duka akitafuta tyubu moja bila kuipata. Hivyo baiskeli ikaingia katika sifa za Kilimanjaro kwa jina la wageni, wakati ambapo mwenyeji aliyeitegemea kwa kazi yake alikuwa ameifunga kamba ukutani kwa kukosa vipuri.

Ilikuwa vivyo hivyo mwaka 1889, Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kileleni. Majina yao yaliandikwa vitabuni. Wenyeji waliowachukulia mizigo na kuwaonyesha njia walipata mgao mdogo sana wa sifa hiyo. Kosa lililofanyika mara moja ni ajali. Likirudiwa ni mazoea.

Safari yenyewe ya Kilema ina nini? Mwendesha baiskeli huanzia kwenye mashamba ya migomba na kahawa, akaingia msitu mzito wenye ukungu, makao ya mbega. Juu ya msitu hukuta vichaka vya nyanda za baridi, na baadaye miti ya ajabu ya senesio na lobelia ambayo haioti mahali pengi duniani. Akifika Horombo yuko juu ya meta 3,700 kutoka usawa wa bahari. Akiendelea kuelekea kibanda cha Kibo, atapita jangwa la mawe na upepo hadi meta 4,700 hivi, mahali ambapo oksijeni apatayo kwa kila pumzi haizidi sana nusu ya ile apatayo aliyesimama Mchikichini. Njia hiyo hutumiwa pia na magari ya hifadhi kupeleka mahitaji na kuwashusha wagonjwa, na ndiyo sababu gurudumu linaweza kupita.

Huko Ulaya, katika milima ya Alps, barabara ya Stelvio iliyomo ndani ya hifadhi ya taifa ya Italia iliyoanzishwa mwaka 1935 huhesabiwa kuwa miongoni mwa njia kuu za baiskeli duniani. Kimo chake ni meta 2,757. Kwa hiyo mtu aliyefika Horombo amekwisha ipita Stelvio kwa karibu meta 1,000. Nchi hii haina upungufu wa milima.

Inachopungukiwa ni kile walichokifanya wenzetu wa huko kwa ajili ya watu wao wenyewe. Kila mwaka barabara ya Stelvio hufungwa siku moja kwa magari ili iwe ya baiskeli peke yake, na wanaopanda si mabingwa tu. Wamo makarani, wauguzi, wastaafu na watoto pamoja na wazazi wao. Uswisi ilifungua mwaka 1998 mtandao wa njia tisa za taifa za baiskeli, zenye namba na vibao, na abiria huweza kuingia na baiskeli yake katika treni. Mgeni akija huko hukuta jambo ambalo wenyeji walikwisha lipenda. Hapa mgeni hukaribishwa kwenye jambo ambalo mwenyeji hulionea haya.

Wapo watakaosema kwamba Mtanzania hana fedha za kwenda Kilimanjaro. Ni kweli gharama za waongozaji, chakula na usafiri si ndogo. Hata hivyo, kiingilio cha raia hulipwa kwa shilingi, nacho ni kidogo sana kikilinganishwa na dola anazotozwa mgeni. Fedha zinazotumika katika sare za harusi moja na kamati zake zingeweza kulipeleka kundi la walimu Kilema na kulirudisha.

Wapo pia wanaohofia mlima wenyewe, na hofu yao ina msingi. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1973, ikafunguliwa mwaka 1977, na mwaka 1987 ikaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mwezi Oktoba 2020 moto uliteketeza eneo kubwa la vichaka vyake, na watu wa vijiji vya jirani walikuwa miongoni mwa waliopanda kuuzima. Tairi likiacha njia huchora mfereji. Mvua ikija maji huufuata mfereji huo, udongo ukaondoka, na mmea uliokua polepole katika baridi kali ukang'oka. Basi sharti liwe moja lisilo na upendeleo: gurudumu lisitoke nje ya njia iliyoruhusiwa, awe ni mgeni aliyelipa dola au kijana wa shule. Aidha, wepesi wa baiskeli usimdanganye mtu akapanda haraka, kwa maana ugonjwa wa kimo hauheshimu misuli.

Tena yako maslahi ya wachukuzi. Mwaka 2019 ilipotangazwa kwamba Serikali inafikiria kuweka magari ya kuning'inia kwenye nyaya mlimani humo, wachukuzi walilalamika kwa sauti kubwa kwamba ajira zao zingepotea. Baiskeli haimwondoi mchukuzi. Mpandaji bado anahitaji mwongozaji, mpishi, na mtu wa kuchukua hema. Zaidi ya hayo anahitaji fundi, na hapo ndipo Mchikichini inapokutana na Kilema.

Kijana anayenyoosha rimu kwa jicho tu, bila chombo cha kupimia, ana ufundi ambao mgeni atakayekatikiwa na mnyororo juu ya Horombo angeulipia kwa furaha. Anachokosa ni mafunzo ya breki na gia za kisasa, cheti, na mtu wa kumwambia kwamba kazi yake inahitajika kwingine. Vyuo vya VETA vipo, kikiwamo cha Chang'ombe kisicho mbali na banda lake. Kozi fupi ya ufundi wa baiskeli haihitaji majengo mapya, na vijana wa Kilema wakiipata pamoja na wa Ilala, fedha ya mlima itafika mikononi ambako haijapata kufika.

Desemba 2019 treni ya abiria kati ya Dar es Salaam na Moshi ilirejea baada ya miaka mingi ya ukimya. Behewa moja la baiskeli wakati wa likizo za shule lingeweza kufanya kazi kubwa kuliko matangazo mengi ya kuhimiza utalii wa ndani. Shule za sekondari zina vilabu vya mazingira. Baiskeli na iwe sehemu ya vilabu hivyo. Mwanafunzi aliyeyaona matabaka ya mimea ya mlima kwa kuyapanda mwenyewe hatahitaji kuyakariri kwa mtihani.

Lakini kazi ya kwanza iko mjini. Mwaka 2018 Dar es Salaam ilipata tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu kwa ajili ya mabasi yaendayo haraka, na mradi huo ulijengwa pamoja na njia za waenda kwa miguu na baiskeli. Mtu akitaka kujua heshima ya baiskeli katika jiji hili, apite Jangwani aone pikipiki zinavyokimbia juu ya njia hizo, kisha aende Kariakoo aone bidhaa zilivyotandazwa. Muuza mikate wa Mchikichini hurudi barabarani, katikati ya malori, akiuweka roho mkononi mwake. Nchi isiyoweza kumlindia mtu huyo njia ya kilometa chache itawezaje kujidai kuwa nchi ya baiskeli mbele ya dunia?

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Alexander Nyirenda aliupandisha Mwenge na bendera ya Tanganyika juu ya Kibo. Watu wa nchi hii hawakuwa wageni wa mlima ule siku ile. Hapana budi wasiwe wageni leo kwa sababu tu ya kuona haya kupanda magurudumu mawili. Mwalimu na aanze kesho asubuhi: aitoe baiskeli yake stoo, aipeleke kwa fundi ikazibwe pancha, aende nayo kazini. Atakapoulizwa gari limepatwa na nini, ajibu kwamba anajiandaa kwenda Kilema.