Kabla Uulize "Mbona Hawako Shule?", Sogeza Mkoba Wako

Wasee, kuna kitu kimenikaa kooni tangu Jumanne na leo lazima nikiteme.

Jumanne nilimsindikiza dada yangu mkubwa na watoto wake watatu hadi makumbusho, pale Museum Hill. Kifungua mimba ana miaka saba, wa pili mitano, kitinda mimba miwili. Dada yangu anawasomesha nyumbani. Mvua ya Mei mnaijua: ilianza alfajiri na haikuwa na mpango wa kuacha. Nikamwambia tuahirishe. Akanijibu, "Wenzao wameenda shule na hii mvua. Sisi tuna nini?" Akawavalisha gambuti, mdogo akamfunga mgongoni na leso, tukatoka Umoja.

Kuanzia hapo mpaka jioni tuliulizwa swali moja mara nne. Nilihesabu.

Wa kwanza alikuwa konda. Nauli ilikuwa imetoka hamsini hadi mia, kama kawaida tone la kwanza likianguka. "Mathe, pakata hao wote ama ulipe viti." Akachukua pesa, akaongeza, "Na kwani leo hakuna shule?" Wa pili alikuwa mama wa makamo aliyekaa kando ya dirisha. Aliwaangalia watoto kuanzia gambuti mpaka kofia, akauliza mbona hawako shule, halafu akageukia dirisha lake. Mkoba wake ulikuwa umekalia kiti cha pembeni. Haukusogea. Wa tatu alikuwa soja wa jengo fulani hapo tao, tulipojibanza barazani mvua ilipozidi. Alisema hapo si pa kukaa na watoto, wapelekwe shule.

Wa nne ndiye alinimaliza. Jamaa wa rika yangu, kwa stage. Hakumuuliza dada. Aliinama akamuuliza mtoto: "We kijana, mbona huko shule? Mama yako hana karo?" Yule mtoto alimwangalia mama yake kama mtu aliyeshikwa na makosa ambayo hata hayajui.

Sasa nisikizeni. Kati ya hao wanne, hakuna aliyesogea. Hakuna aliyeshika mwavuli. Hakuna aliyeuliza kama mtoto amelowa. Wote walikuwa na swali, na hakuna aliyengoja jibu.

Ndio maana nakataa hadithi ya "tunauliza kwa sababu tunajali watoto." Hatujali. Tumezoea tu kutowaona. Hii Nairobi yetu haina nafasi ya mtoto Jumatatu mpaka Ijumaa. Akiwa darasani tumemsahau. Akitokea kwa matatu saa nne asubuhi, anakuwa kama mzigo umewekwa mahali si pake.

Ushahidi? Amka saa kumi na moja alfajiri siku ya mvua, uangalie barabara ya mtaa wako. Utapata mtoto wa miaka mitano amesimama gizani akingoja gari la shule, begi kubwa kuliko mgongo wake, soksi zimelowa. Ushawahi kumuuliza mbona hajalala? Ushawahi kumuuliza nani alimtoa kwa mvua saa hiyo? Hapana. Amevaa sare, na sare inatufunga midomo. Mtoto huyo huyo, mvua hiyo hiyo, mvue sare umpe mkono wa mamake, ghafla kila mtu ni afisa wa elimu.

Na tumesahau haraka. Mwaka wa 2024 mafuriko yalipopiga, muhula wa pili ulitakiwa kuanza tarehe 29 Aprili. Ulianza tarehe 13 Mei. Mwaka wa 2020 shule zilifungwa Machi, na wengi wetu hatukurudi darasani mpaka Januari 2021. Nchi nzima ilikuwa inasomea nyumbani, ama inajifanya. Wazazi wetu walijua siku hizo kwamba kufundisha mtoto wako mezani ni kazi ya kutoa jasho. Dada yangu anafanya hiyo kazi kila siku, hata wakati hakuna mtu wa kumpigia makofi.

Najua mtasema kuna sheria. Ni kweli, na sitaizunguka. Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamwambia mzazi ahakikishe mtoto ameandikishwa na anahudhuria shule. Na mimi sitaki hiyo sheria ifutwe, kwa sababu nimekulia mtaa ambao wasichana wa miaka kumi na miwili walikuwa wanaletwa kuwa yaya wa watoto wa wengine. Hao hakuna aliyewauliza mbona hawako shule, na walikuwa wanapita na vitambulisho vya kazi usoni: ndoo mkononi, mtoto wa watu mgongoni. Sheria iliandikwa kwa ajili ya mtoto kama huyo.

Lakini kama sheria haioni tofauti kati ya msichana aliyefungiwa jikoni na mtoto anayefundishwa hesabu na mamake, basi dada yangu anaishi na wasiwasi ambao hastahili. Mlango ukigongwa saa nne asubuhi, watoto wananyamaza. Wamefundishwa na nani? Na sisi, na macho yetu. Njia iko: mzazi anayefundisha nyumbani aandikishwe waziwazi, atembelewe, watoto wapimwe. Anayefanya kazi hataogopa. Na wale wanaosema "nasomesha nyumbani" huku mtoto anashinda kwa TV, hao washikwe. Sitawatetea.

Sasa najua kuna mtu tayari anasema, "Huyu si aliacha chuo? Atatuambia nini?" Niliacha, ndio, mwaka wa pili. Karo iliniacha kwanza, mimi nikafuata. Sisherehekei, na simwambii mtu yeyote aache. Lakini ndio maana najua hilo swali lina makali gani. Mimi huulizwa toleo la watu wazima kila Krismasi kijijini, mbele ya sahani ya pilau: "Na wewe, masomo yalienda wapi?" Hakuna anayeuliza kama nimekula vizuri mwaka huu. Mimi nina miaka zaidi ya ishirini na bado linaniuma. Mtoto wa miaka saba alifanya nini?

Wacha niwaambie hao watoto walifanya nini siku hiyo, kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Walisimama mvuani mbele ya sanamu ya Ahmed, ndovu wa Marsabit aliyekufa 1974. Mama yao akawaeleza kwamba pembe zake zilikuwa ndefu sana, majangili wakamtaka, ndipo Rais Jomo Kenyatta akatoa amri alindwe na walinzi wenye silaha. Kifungua mimba akafikiria kidogo, akasema, "Yeye aliwekewa soja wa kumlinda. Sisi soja ametufukuza." Nilicheka, halafu nikanyamaza.

Ndani wakasomewa juu ya Mvulana wa Turkana, mifupa ya mtoto aliyeishi takriban miaka milioni moja na nusu iliyopita. Aliyeona kipande cha kwanza cha mifupa hiyo mwaka wa 1984 ni Kamoya Kimeu, Mkenya aliyeanza kazi kama mchimbaji wa kawaida, bila digrii, na akajifunza kuusoma udongo kwa macho yake mwenyewe. Wa pili akauliza kama huyo mvulana naye alinyeshewa. Wakarudi wakihesabu mabasi kwa Kiswahili hadi arobaini na tatu. Mdogo alilala njia nzima, akiwa amelowa mguu mmoja.

Dada yangu naye si malaika. Jioni alikuwa amechoka mpaka akakaa kitandani na gambuti mguuni. Kuna siku watoto wanakosa wenzao wa kucheza nao na yeye anajua. Kuna siku anajiuliza kama anawakosea. Usiku huo alijiuliza. Na kilichomfanya ajiulize ni yule jamaa wa stage, ilhali siku yote ilikuwa imeenda poa.

Kwa hivyo hivi. Mvua bado iko. Jumanne ijayo utapanda mat na kutakuwa na mama ana watoto watatu waliolowa saa nne asubuhi. Toa mkoba wako kwa kiti. Mpakate mmoja akikuruhusu. Mkifika, mshikie mwavuli akifunga leso. Ukishafanya hayo yote na bado unataka kujua mbona hawako shule, muulize yeye, kwa sauti ya chini, na ungoje akujibu.

Mtoto mwache ahesabu mabasi.