Mzazi, usimgombeze mtoto kwa taa ya shilingi kumi

Kama umekwisha kustaftahi, vuta kiti tuzungumze. Juma hili nataka kukusimulia jambo lililotokea nyumbani kwangu, na naungama mapema kwamba aliyekosa si mtoto bali ni mimi mzazi.

Katika mtaa tunaoishi hapa Nairobi, maji huja mara mbili kwa juma, na aghalabu huja usiku wa manane. Ukiuacha mfereji wazi ukalala, utaamka ukute viatu vinaelea na jirani wa chini anabisha mlango kwa hasira. Ukiufunga, maji yatakuja na kwenda zake huku mapipa na mitungi ikibaki mikavu. Kwa hivyo mama watoto alikuwa akiketi jikoni saa nane, saa tisa za usiku, akisikiliza mfereji ukikohoa. Ikifika saa kumi na moja alfajiri anajitayarisha kupanda matatu kwenda kazini. Alikuwa amekonda, nasi tukidhani ni kazi tu.

Likizo moja ya Agosti, binti yetu aliye shule ya upili alinijia akasema, "Baba, naweza kutengeneza kifaa cha kutuamsha maji yakija." Akaniomba pesa za kununulia kibodi fulani na vikorokoro vyake huko barabara ya Luthuli. Nilizitoa shingo upande. Hazikufika elfu mbili, lakini nilizihesabu mara mbili kabla ya kumkabidhi.

Siku ya tatu nikasikia harufu ya kuungua. Kumbe alikuwa ameunganisha taa ndogo moja kwa moja na betri ya volti 9. Taa ilimweka mara moja, ikafa. Nami nikapaza sauti: "Nilikupa pesa za kusoma au za kuchoma?" Binti hakujibu. Alikusanya kila kitu akakitia katika katoni ya viatu, akaisukuma chini ya kitanda. Likizo ikaisha, shule zikafunguliwa, katoni haikuguswa. Mama yake akaendelea kuketi jikoni usiku.

Wiki chache baadaye nilipeleka redio yangu kwa fundi mmoja wa jua kali. Alipofungua mtoto wa meza kutafuta kifaa, nikaona umejaa vitu vilivyoungua. Nikamuuliza mbona havitupi. Akacheka, akaniambia, "Mzee, hiyo ndiyo karo niliyolipa." Nikamwuliza taa ndogo kama ile ya binti yangu huuzwa pesa ngapi. Akasema shilingi kumi.

Msomaji wangu, nilirudi nyumbani nikiwa nimejaa aibu. Kwa ajili ya shilingi kumi nilikuwa nimemfungia mtoto mlango ambao huenda ungemtoa mbali. Likizo ya Desemba ilipofika nilimwomba radhi, kisha nikamwambia alete ile katoni anifundishe. Kwanza alidhani ninatania. Baadaye akaileta, tukaketi mezani, wote wawili wanagenzi. Haya ndiyo tuliyojifunza, na ninakupa kwa sababu najua katika nyumba nyingi kuna katoni kama ile chini ya kitanda.

Kwanza, kifaa chenyewe ni nini? Huitwa maikrokontrola. Ni kompyuta nzima ndani ya chipu moja: ina sehemu ya kufikiri, ina kumbukumbu, na ina miguu ya kupokea na kutoa umeme. Usidhani ni mgeni kwako. Yumo ndani ya mita ya umeme ya tokeni, ndani ya rimoti ya televisheni, ndani ya mashine ya kufulia nguo. Kazi yake ni moja: kusoma hali fulani, kuamua, na kutenda, usiku na mchana bila kulalamika.

Bodi tuliyonunua ni ya aina ya Arduino. Mradi huo ulianzia mji wa Ivrea nchini Italia mwaka 2005, na wanafunzi waliolengwa walikuwa wa usanifu, watu ambao hawakusomea umeme. Ndiyo sababu bodi hizi zinamfaa anayeanza. Ile iliyozoeleka zaidi, Uno ya toleo la tatu, ina nafasi ya kilobaiti 32 tu ya kuweka programu na kilobaiti 2 za kumbukumbu ya kazi. Ukilinganisha na simu yako ya mkononi hiyo ni kama kibanda kando ya jumba la ghorofa. Lakini kwa kulinda mfereji, ni nafasi tele.

Pili, kabla ya programu, jifunze umeme. Hapa ndipo binti yangu alipojikwaa, na ndipo wengi hujikwaa, kwa sababu kila mmoja ana hamu ya kukimbilia kompyuta. Sisi wa mitaa ya maji haba tuna bahati, kwani mfano tunao. Volti ni kama msukumo wa maji katika bomba. Ampea ni wingi wa maji yanayopita. Rezista ni sehemu nyembamba ya bomba inayozuia maji yasipite kwa fujo. Taa ndogo ya LED haijui kujizuia. Ukiipa umeme bila rezista itaupokea wote hadi ife.

Basi rezista ya kiasi gani? Mjerumani Georg Ohm alichapisha kanuni yake mwaka 1827, na hadi leo ndiyo tunayotumia: gawanya volti kwa ukinzani, upate ampea. Bodi yetu hutoa volti 5. Taa nyekundu huchukua takriban volti 2, kwa hivyo zinabaki 3. Gawanya 3 kwa omu 220, utapata karibu miliampea 14. Mguu wa chipu ile ukomo wake ni miliampea 40, na ni busara usivuke 20. Kwa hivyo tuko salama. Rezista ya omu 220 utaitambua kwa michirizi yake: nyekundu, nyekundu, kahawia. Na mguu mrefu wa taa ndio upande wa chanya. Ukiigeuza haitawaka, lakini kwa volti 5 na rezista yake haitaharibika. Igeuze tena.

Binti alipoifanya hesabu hiyo kwa kalamu, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hivyo ile ya Agosti haikuwa bahati mbaya, Baba. Nilisahau kugawanya." Nikajiambia, hilo ndilo somo nililolizima kwa kelele.

Tatu, programu. Usitishike. Programu ya bodi hizi ina sehemu mbili. Ya kwanza husomwa mara moja tu kifaa kinapowashwa, kama mwalimu anavyosoma orodha ya majina asubuhi. Ya pili hurudiwa tena na tena mpaka umeme ukatike. Programu ya kwanza ya kila mwanafunzi ni kuwasha na kuzima taa: washa, ngoja, zima, ngoja. Kungoja huhesabiwa kwa sehemu za elfu za sekunde, hivyo ukitaka sekunde moja unaandika 1000.

Yetu ilikataa mara nne. Mara ya kwanza tulisahau nukta mkato mwishoni mwa mstari. Mara ya pili tuliandika herufi ndogo mahali pa kubwa. Mara ya tatu tulikuwa tumechagua bodi nyingine kwenye kompyuta. Mara ya nne lilikuwa kosa la waya wa USB: ulikuwa wa kuchaji tu, haubebi habari. Kompyuta haina huruma ya mwalimu wa insha anayekukata nusu alama akasonga mbele. Lakini pia haikasiriki, wala haichoki, wala haikukumbushi makosa ya jana. Taa ilipoanza kumweka, mimi mtu mzima mwenye mvi nilipiga makofi.

Nne, kifaa chenyewe. Mpango wa binti ulikuwa huu: mfereji uachwe wazi juu ya beseni, na ndani ya beseni ziwekwe ncha mbili za waya. Maji ya mfereji hupitisha umeme kidogo. Yakigusa ncha zote mbili, bodi itaona umeme unapita, nayo italiza king'ora kidogo. Bodi husoma volti hizo kama namba, kuanzia 0 hadi 1023. Beseni likiwa kavu tutarajie 0, maji yakiingia namba ipande.

Usiku wa kwanza king'ora kililia mara sita, na hakukuwa na hata tone. Mama watoto alitutazama bila kusema neno. Kesho yake tukagundua kwamba mguu wa chipu usiounganishwa na chochote hausomi 0. Husoma upuuzi, hupanda na kushuka kwa kuguswa tu na hewa ya umeme iliyomo nyumbani. Dawa yake ni rezista ya omu 10,000, yenye michirizi ya kahawia, nyeusi na machungwa, inayouvuta mguu huo chini kwenye tundu lililoandikwa GND. Tukaiweka, kelele zikaisha.

Kisha likaja jingine. Tulikuwa tukijaribu ncha zetu ndani ya kikombe cha maji, tukakiacha hivyo siku kadhaa. Waya mmoja ukageuka kijani na kuanza kulika. Umeme unaopita upande mmoja tu ndani ya maji huila shaba ya upande wa chanya. Binti akaandika upya: waya ule usipewe umeme muda wote, bali upewe kwa kufumba na kufumbua, namba isomwe, uzimwe, kisha angoje sekunde tano. Tangu hapo waya zimedumu. Na maji ya beseni hilo hatunywi, huwa ya kupigia deki.

Sasa nikupe mashauri machache, wewe mzazi na wewe mwanafunzi.

Anza na vitu vichache: bodi moja, taa kumi, rezista za aina mbili, waya, na kile kibao chenye matundu cha kuunganishia bila kulehemu. Taa ni kumi kwa sababu mbili au tatu zitakufa. Ukiweza, ongeza mita ya kupimia volti, kwani ndiyo macho yako.

Kama huna pesa, usikae bure. Kuna programu ya bure iitwayo Tinkercad inayoigiza bodi, taa na rezista kwenye skrini ya kompyuta. Huko ukichoma taa hulipi kitu. Kompyuta ya shule au ya saiba itatosha.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha vitatu na kifaa kikakubali, hujui ni kipi kilichoponya. Uwe na daftari, uandike kila kosa na dawa yake. Na usinakili programu ya mtu ukaridhika. Iandike kwa mkono wako, kisha ubadilishe jambo moja uone litakalotokea. Ukibashiri sawasawa, umeelewa.

Lakini hapa sitanii: mwanafunzi asiguse umeme wa ukutani. Hapa Kenya huo ni volti 240, nao hauui taa ya shilingi kumi, huua mtu. Volti 5 za bodi hazitakudhuru ukizigusa. Tumia chaja nzima ya simu au betri, basi. Wala usifungue televisheni au chaja ati kwa kuwa umeichomoa. Ndani yake kuna vifaa vinavyohifadhi umeme hata baada ya kuchomolewa. Mzazi, hapo ndipo pa kukemea. Weka ukali wako kwenye volti 240, na subira yako kwenye volti 5.

Nimalizie kisa. Usiku mmoja wa Januari, binti alikuwa amekwisha kurudi shuleni. King'ora kililia saa nane na dakika ishirini. Mama watoto alishtuka akataka kuinuka. Nikamwambia alale. Nilikwenda jikoni mwenyewe, nikakuta maji yanamiminika ndani ya beseni, na kijitaa chekundu kinamweka kando yake. Nikajaza pipa na mitungi yote minane, nikafunga mfereji. Niliporudi chumbani nilimkuta amelala fofofo, na sikumbuki ni lini nilikuwa nimemwona hivyo kabla ya saa kumi na moja.

Ile taa iliyoungua bado tunayo. Binti ameibandika ndani ya kifuniko cha katoni ya viatu, na chini yake ameandika tarehe. Mpenzi msomaji, chungulia leo chini ya kitanda cha mwanao. Ukikuta katoni, usiulize imegharimu pesa ngapi. Uliza inafanya nini.

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.