Rimu Zisisuguliwe Mtoni

Likizo iliyopita mjomba alinipa rimu nne za alumini za gari lake nizibandue rangi na kuzing'arisha. Nikazipeleka ukingoni mwa Mto Morogoro, nikasugua kwa msasa mkavu hata nikawa mweupe kama aliyetoka mashineni kusaga unga, na maji yakageuka maziwa. Ndipo nilipomwona mama mmoja akichota hatua chache huko chini.

Kazi yenyewe siilaumu, humpatia kijana fedha ya madaftari. Lakini rangi ya zamani yamkini ina risasi, nayo ni sumu, hasa kwa watoto. Tena mto huu utokao Uluguru huingia Ngerengere, na Ngerengere huingia Ruvu, ambao watu wa Dar es Salaam hunywa maji yake.

Basi naona yafaa kazi hii ifanyiwe uani, juu ya turubai, kwa msasa wa maji, na uchafu uzolewe wote. Wengine husifu kostiki soda. Hiyo hula alumini yenyewe. (Mjomba aliharibu rimu moja hivyo, wala hapendi kukumbushwa.) Rimu tatu zilizobaki nilizimalizia uani.