Kalenda ya kanisa ianzie nyumbani

Hapa Nakivale tarehe nyingi tunapangiwa. Siku ya kuhakikiwa, siku ya pesa ya chakula, siku ya mahojiano, zote zinatoka ofisini, na zikibadilika tunasikia tu. Kalenda ya kanisa ni tofauti. Hakuna anayeweza kutuahirishia Pasaka. Ndiyo maana sisi vijana tunasema tuishike nyumbani, pamoja na wazazi na wadogo zetu, si kanisani tu.

Wengi watajibu, ati sikukuu ni za wenye pesa. Kama sikukuu ni nguo mpya za Mbarara na sahani ya nyama, basi wana haki. Mzazi anakopa Desemba, Februari mtoto anafukuzwa shule kwa sababu ya ada. Lakini mwaka wa kanisa hauanzi na nyama. Unaanza na Majilio, Jumapili nne za kungoja, na kungoja sisi tunakujua kuliko watu wengi! Kinachohitajika ni mishumaa minne. Kama nyumba imeezekwa kwa turubai, acheni moto, washeni taa ya sola. Mtoto asome somo kwa Kiswahili, bibi aombe kwa Kinyarwanda, Kirundi au Mashi. Dakika kumi zinatosha.

Kwaresima ndiyo ngumu. Mwaka 2025 WFP ilitangaza kwamba kwa kukosa fedha, watu milioni moja wametolewa kwenye msaada wa chakula hapa Uganda. Sasa anayekula mara moja kwa siku afunge nini? Jamani, sheria ya mfungo ya Wakatoliki inawahusu wenye miaka 18 hadi 59, na haimlazimishi mgonjwa wala mwenye njaa. Mama anayenyonyesha asijinyime ugali. Tufunge maneno. Siku 40 bila kusema "wale watu wa kabila lile" mbele ya watoto, huo ni mfungo mzito kuliko kukosa chakula cha mchana.

Halafu kuna Novemba 2, siku ya marehemu wote. Wenzetu Waganda wanaweza kwenda kusafisha makaburi. Yetu yako Masisi, Fizi, Bujumbura, na wengine wetu hawajui kama ndugu zao walizikwa. Jioni hiyo familia ikae, kila mmoja ataje jina la mtu wake, na wadogo waliozaliwa kambini wasikie. Tusipowatajia sisi, watawajua wapi? Wala msimlazimishe mtu. Kama baba anataka kunyamaza, anyamaze, lakini akae na wengine.

Watoto wetu pia wanadhani watakatifu ni wazungu wa kwenye picha. Basi waambieni habari za Sista Anuarite, aliyeuawa Isiro Desemba 1, 1964. Waambieni habari za Karoli Lwanga na wenzake, ambao Uganda nzima inapumzika kwa ajili yao kila Juni 3. Waambieni na Floribert Bwana Chui wa Goma, aliyekataa rushwa ili chakula kilichoharibika kisipite mpakani kikaumize watu. Aliuawa Julai 2007 akiwa na miaka 26. Juni 15, 2025 alitangazwa Mwenye Heri kule Roma. Huyo ni kijana wa kwetu, rika letu.

Majirani zetu Wasomali wanatufundisha kitu. Ramadhani ikifika, nyumba nzima inajua, hata mtoto mdogo anajua saa ya kufuturu. Sisi Wakristo tukiwaachia padri na mchungaji kila kitu, siku kijana anapohamia chumba cha kupanga Mbarara, anaacha imani yake kambini pamoja na godoro.

Kwenu ndugu zetu wa mashirika: mnatufundisha vizuri namna ya kupunguza msongo wa mawazo, asanteni. Lakini mjue kwamba jioni hizi ni dawa ambayo familia tayari inayo. Kabla ya kupanga mafunzo siku ya Jumatano ya Majivu au Alhamisi Kuu, tuulizeni kwanza.

Na wewe kijana, usingoje baba aanze. Majilio yakikaribia, tafuta Biblia, keti na wadogo zako, waite wazazi. Watakuja.