Dogo wa Igogo, Masaki Umehamia Lini?

Wadau, kuna dogo mmoja wa Igogo hapa Mwanza, jina kapuni, kapata rafiki wa kalamu Ujerumani. Barua ya kwanza tu kajitambulisha eti anaishi Masaki, Dar. Weee!

Mdogo wangu, kwenu ni juu ya mawe, ukifungua mlango unaliona ziwa kubwa kuliko yote Afrika. Aibu iko wapi? Sangara wetu akifika Ujerumani anauzwa kwa jina la Viktoriabarsch. Yaani samaki kavuka bahari na jina la ziwa lake, wewe unaficha mtaa! Na Jiwe la Bismarck lina jina la Mjerumani; stori ya kuanzia si hiyo?

Rafiki uliyempata kwa uongo ni wa huyo wa Masaki, siyo wako. Andika upya, dogo. Au nakosea, wadau?