Safari ya Msimbati Ipangwe kwa Mfuko wa Mwenye Kidogo

Aprili mwaka jana, tukiwa mwaka wa kwanza, kundi letu la semina liliamua kwenda Msimbati kupunga upepo wa bahari. Tulikuwa watu 24. Mimi nilipewa kazi ya mweka hazina kwa sababu moja tu: nilikuwa na daftari. Tulikwenda 19. Watano walibaki, na mmoja wao ni mwenzangu wa chumba. Alisema tumbo linamsumbua. Niliporudi usiku nilimkuta gheto anasonga ugali, mzima kabisa, akaniuliza, "Enhe dada, bahari imekuwaje?" Hakuwa na tumbo wala nini. Hakuwa na shilingi 45,000. Na hiyo 45,000 niliipanga mimi.

Naandika haya kwa sababu muhula wa pili ndio huu umeanza, na tayari kwenye magrupu ya wasapu watu wanaulizana safari ya mwaka huu ni lini na ni bei gani. Kabla hatujajibu, tukubaliane jambo moja: safari ya darasa ipangwe kwa kumwangalia yule mwenye kidogo kuliko wote. Tukianza na yeye, mambo mengine yote, yaani tarehe, kiingilio na chakula, yanakaa sawa. Tukianza na wenye nacho, tutarudia ya mwaka jana.

Na ya mwaka jana hayakuishia kwenye hela. Tulikosea vitu vitatu, tena kwa mpangilio.

Kosa la kwanza lilikuwa tarehe. Tulichagua Aprili kwa sababu bumu lilikuwa limeingia. Hatukuuliza kitu kingine. Sasa, huku kusini sisi hatuna vuli na masika kama wenzetu wa Dar na Tanga. Tuna msimu mmoja mrefu, kuanzia mwishoni mwa Novemba hivi hadi Aprili. Kutoka mjini hadi Msimbati ni kama kilomita 45, na mvua ikishanyesha, barabara ya vumbi inageuka barabara ya tope. Kosta yetu ilizama. Tulishuka, tukasukuma, tukafika saa nane mchana tukiwa na rangi ya udongo hadi magotini. Saa kumi na nusu dereva akaanza kupiga honi, anataka kurudi kabla ya giza. Hapo hujaoga vizuri, pilau hata halijapakuliwa.

Aprili na Mei kwenye pwani hii si miezi ya kuchezea. Aprili 2019 watu wa Mtwara waliambiwa wahame maeneo ya mabondeni na ya pwani kwa ajili ya kimbunga Kenneth, ambacho mwishowe kilikwenda kupiga Cabo Delgado, ng'ambo tu ya Ruvuma. Mei 2024 kikaja Hidaya upande wa Mafia, na mvua zake zikakata barabara ya kwenda Dar. Waliokuwa safarini siku zile wanajua kulala ndani ya basi kulivyo. Kwa hiyo mtu akisema "twende Aprili, hela ipo", swali la kumuuliza ni kama ametazama utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa.

Miezi yetu ni Juni hadi mwanzoni mwa Novemba. Juni na Julai kuna baridi kidogo na upepo wa kusi unasukuma, lakini barabara ni kavu. Oktoba pepo zinabadilika, bahari inatulia, joto bado halijawa kali. Kwa ratiba ya chuo, nafasi nzuri ni wiki ile ya Julai tukimaliza mitihani, kabla hatujatawanyika kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha. Tena kuanzia Julai hadi Oktoba ndipo nyangumi wanapopita kwenye bahari hii. Bahati ikiwa yako unamwona akirusha maji ukiwa umesimama mchangani, na hulipi cha ziada.

Halafu kuna saa za maji. Wanaokwenda Shangani kila wikiendi wananielewa. Unafika saa nne asubuhi na taulo lako, bahari imekwenda zake, umebaki na majani na mawe. Hili wala halihitaji mtaalamu, linahitaji kutazama mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ni bamvua: maji hupwa sana karibu saa nne au saa tano asubuhi, na hujaa alasiri. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu: tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo, na saa zilezile za asubuhi maji yanakuwa karibu. Safari ya siku moja, ya kwenda asubuhi na kurudi jioni, iwekwe siku za maji mafu. Na hata hivyo tuwaulize wavuvi wa palepale wapi pa kuogelea na wapi pana mkondo. Wengi wetu tumetoka bara, tunaogelea kwa imani.

Kosa la pili lilikuwa kiingilio. Msimbati imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, yenye kilomita za mraba 650 za bahari na nchi kavu: mikoko, matumbawe, mazalia ya kasa. Ukiingia hifadhini unalipa. Sisi tulipoambiwa habari ya malipo tulitazamana kama watu walioitwa na mkuu wa shule. Kwenye daftari langu kulikuwa na mstari wa muziki, kulikuwa na mstari wa fulana, mstari wa kiingilio haukuwapo. Ikabidi kuchangishana palepale, wengine kwa kukopa. Kosa lilikuwa letu kabisa.

Dawa yake ni ndogo. Wiki mbili kabla, mtu mmoja aende au apige simu ofisi ya hifadhi, aulize bei ya raia, aulize kama wanafunzi wanaokuja kujifunza wana utaratibu wao, apewe namba ya malipo ya serikali, alipe, abaki na risiti. Siku ya safari kila mmoja awe na kitambulisho cha taifa pamoja na cha chuo, maana bei ya raia na ya mgeni hazifanani. Mifuko ya plastiki ibaki nyumbani, imepigwa marufuku nchi nzima tangu Juni 2019. Makombe na matumbawe yabaki yalipo. Ukipita Madimba kwenye mitambo ya gesi, kamera ikae mfukoni.

Kama unamwalika rafiki kutoka nje ya nchi, mwambie mapema. Viza ya kawaida ya Tanzania ni dola 50, kwa Mmarekani ni 100, na inaombwa mtandaoni kabla ya kusafiri. Akitaka kupitia Zanzibar kwanza, tangu Oktoba 2024 kule kuna bima ya lazima ya dola 44 kwa wageni. Na yule anayesema kila mwaka "tukishafika Msimbati tuvuke Ruvuma tukapige picha Msumbiji" aache. Huo ni mpaka wa nchi, una pasipoti na uhamiaji wake, na ng'ambo ni Cabo Delgado, yenye vita tangu Oktoba 2017. Oktoba 2020 wavamizi walivuka wakaingia Kitaya, upande wetu. Kuna watu walizika ndugu zao pale. Si mahali pa selfi.

Kosa la tatu ndilo lililomfanya mwenzangu aumwe tumbo. Nawawekea daftari wazi.

Tulipokuwa 24 tulitangaza 41,000 kwa kila mmoja. Watano wakajitoa kimyakimya, na gari bei yake ni ileile, kwa hiyo tuliobaki tukapanda hadi 45,000. Jumla ilikuwa 855,000. Gari 300,000. Fulana zenye jina la kundi 15,000 kila moja, yaani 285,000. Chakula 10,000 kwa mtu, yaani 190,000. Spika na jenereta 80,000. Hebu tazameni tena. Fulana na muziki pamoja vilikula 365,000, kuliko gari lililotupeleka. Fulana yangu leo ninadekia.

Bumu letu ni shilingi 10,000 kwa siku, chakula na malazi humohumo. Kwa hiyo 45,000 ni siku nne na nusu za kuishi. Kwa mwenye mzazi anayetuma hela kila mwisho wa mwezi, si kitu. Kwa ambaye kipande cha bumu kinarudi nyumbani kumlipia mdogo wake daftari na sare, ni kitu kikubwa mno. Na wa hivyo tunao wengi, ila hawasemi. Wanaumwa tumbo, wanafiwa na shangazi, wana kazi ya kuwasilisha Jumatatu.

Sasa toa fulana, toa spika. Gari 300,000, chakula 240,000 kwa watu wote 24. Inakuja 540,000, yaani 22,500 kwa mtu. Ni nusu ya ile ya kwanza, na hakuna aliyebaki. Tukipika wenyewe, tukanunua samaki kwa wanakijiji wa Msimbati badala ya kubeba pilau la mjini, inashuka tena, na hela inabaki kwa wenyeji ambao bahari ni yao. Kila mtu akiweka 2,000 kwa wiki, kuanzia wiki hii kwa wiki 14, Julai ana 28,000. Kinachozidi juu ya 22,500 ni cha kiingilio na dharura, na kama hakitoshi tutajua Mei, si tukiwa tumesimama getini.

Najua yatakayosemwa. Mmoja wa wenzangu alishaniambia: "Kwani tusiwachangie tu wasio nacho?" Nia ni njema. Lakini ili uchangiwe lazima kwanza ujitaje kwamba huna. Mwenzangu wa chumba asingejitaja hata kwa viboko, na mimi nisingejitaja. Shusha bei, kila mtu alipe sawa, hakuna wa kumshukuru mwenzake. Anayetaka fulana ashone yake.

Mwingine atasema bumu ni la kusomea, bahari ni anasa. Mimi nimezaliwa Masasi. Mkoa wetu una bahari, ila kutoka kwetu hadi pwani ni kama kilomita 200, na niliiona mara ya kwanza nikiwa na miaka 20, siku naripoti chuoni. Mwenzangu katoka Newala, juu kule uwandani, ambako ndoo ya maji ni hesabu. Sisi ndio tutakaofundisha jiografia na biolojia. Tutachora mikoko ubaoni, tutaeleza kupwa na kujaa. Nani atamwamini mwalimu wa mkoa wa Mtwara ambaye matumbawe ameyaona kwenye kitabu?

Na kuna hili linalonisumbua zaidi. Baada ya mwaka mmoja na nusu tutakuwa kazini, na tutapeleka watoto ziara. Tutawaandikia wazazi kijibarua: kila mtoto alete kiasi fulani. Asubuhi ya safari basi litaondoka, na dirishani kwa darasa watabaki watoto watano. Hao watano watakumbuka hiyo asubuhi maisha yao yote, na mwalimu wala hatajua. Mazoea ya kupanga bila kuwahesabu tunayajenga hapahapa, kwenye vijisafari vyetu.

Kwa hiyo naiomba Wizara ya Michezo na Burudani ya serikali yetu ya wanafunzi iweke utaratibu: safari yoyote yenye jina la darasa itangaze bei bila fulana na muziki, ionyeshe kiingilio kwenye mchanganuo, na tarehe ichaguliwe kwa msimu na mwezi. Ma-CR waanze kukusanya kidogo kidogo mapema, kwa daftari ambalo kila mtu anaruhusiwa kulifungua.

Kundi letu tumeshaanza. Tumechagua Jumamosi ya Julai yenye maji mafu, baada ya mtihani wa mwisho. Mtu wa kuuliza kiingilio tumeshamteua. Mweka hazina mwaka huu si mimi, ni mwenzangu wa chumba. Kabla sijapeleka makala haya nilimsomea yote, pamoja na sehemu ya tumbo. Akacheka, kisha akasema niandike tu, ila niongeze kwamba wiki hii nadaiwa 2,000.